Fupa na Bakuli la Maharage Meusi

Ketini, enyi wapenda habari kubwa. Nawe unayechungulia dirishani, ingia tu, umbea huu una hadhi ya kifalme. Nasimulia habari za Fupa, muuza nyama wa kona yetu, Mkata-Mbavu, Bwana wa Shoka, aliyeapa mbele ya wateja wake kwamba maharage ni chakula cha walioshindwa na maisha. Mdomo uliponza kichwa! Tangu Ijumaa tumbo la shujaa lilifunga malango yake, na hadi Jumanne hakuna askari hata mmoja aliyetoka.

"Daktari kasema nyuzinyuzi," mkewe alimwambia, akitua mezani bakuli la maharage meusi, aliyoyaloweka tangu jana na kuyachemsha asubuhi nzima mpaka yakatoa mchuzi mzito. "Protini imo, madini ya chuma yamo, mafuta karibu hakuna, moyo wako upumue. Kula, baba watoto, au kesho nesi akufungue kwa mpira wa maji."

Loo! Aliyeangusha mafahali akatetemeka kwa neno nesi. Akasimama, mkono kifuani, akakihutubia kijiko: "Ewe chuma mwenzangu! Mimi niliyepasua mafuvu, leo niinamie punje? Mama watoto, shusha pazia, wateja wasinione!"

"Pazia nimelifua. Kula."

Akala macho kafumba, jasho likimchuruzika; bakuli la kwanza kwa uchungu, la pili kwa mshangao, na la tatu, wallahi, aliliomba mwenyewe. Kulipopambazuka, mlango wa choo ulifungwa kwa kishindo, kisha ukafuata mngurumo uliowaamsha majirani: "Mama watoto! Nimefunguka!"

Mwenye akili angenawa mikono akanyamaza. Fupa? Thubutu! Alikwenda buchani kifua mbele, akapanda juu ya gogo la kukatia nyama, akahubiri: "Enyi watu! Mnabugia minofu na matumbo yenu yanalia! Maharage meusi husafisha njia, hujenga mwili, na sukari yake huingia damuni polepole, kwa adabu! Siri hii nimeigundua mimi!" Mkewe, aliyeloweka na kuchemsha, hakutajwa hata kwa kukohoa.

Wateja wakampigia makofi. Kisha wakageuka, wote, wakaingia duka la nafaka la jirani. Kufikia adhuhuri huko haikubaki punje, na buchani paja zima la ng'ombe lilikuwa bado linaning'inia, inzi wakilifanyia kikao.

Jioni shujaa alirudi nyumbani na paja lake begani. Mkewe akalitazama, akamtazama na yeye.

"Haya, nyama yote hii nani ataila?"

"Sisi," alinong'ona Mkata-Mbavu.

Basi na iandikwe, wajukuu wasome: siku ile Fupa alilishinda tumbo lake, akalishinda na duka lake. Vigelegele havikusikika. Mama watoto alishaingia jikoni, anachagua maharage ya kuloweka.