Chuma Kilicholia

Jumatatu, 3 Juni 1907. München.
Loibl tena! Mwenye bucha, miaka ishirini na sita, shingo kama kisiki. Jana katangaza mbele ya chama chetu kizima cha wanyanyua vyuma kuwa Jumapili atanishinda, na ni yeye atakayekwenda Vienna kunyanyua vyuma kwa niaba yetu. Akanigonga begani: "Mwalimu, wewe utatupungia leso kituoni." Leso! Mimi niliyemfundisha kushika chuma! Mke wangu Walburga ananikumbusha kuwa nina miaka hamsini na mgongo mmoja tu.

Alhamisi, 6 Juni.
Vyuma vimepimwa. Nieleze, maana vijana hawajui kitu: kila mshindani huleta chuma chake, chenye tufe kila ncha. Tufe lina uwazi ndani, nao hujazwa marisawa, zile risasi ndogo za kuwindia bata. Vikishapimwa hufungiwa stoo ya baa tunamoshindania hadi siku yenyewe. Ufunguo anao katibu wa chama. Katibu ni mimi. Ha!

Jumamosi, 8 Juni.
Nimefungua vizibo vya chuma changu, nikamwaga nusu ya marisawa kila tufe. Chuma sasa chepesi kama kikapu cha mayai. Vienna, nakuja!

Jumapili, 9 Juni.
Laana! Tufe lililojaa hukaa kimya. La nusu hulia! Nilipoinua tu: chaka-chaka-chaka! Baa nzima ikageuka. Nikakaza meno. Kufika kifuani, marisawa yakahamia upande mmoja, chuma kikayumba kama mlevi, kikatua juu ya pipa la bia. Povu hadi darini. "Mwalimu, hicho chuma au manyanga?" Vicheko! Loibl akanyanyua chake kana kwamba anatundika kofia.

Kisha akanitetea, mshenzi yule! Akawaambia kizibo kililegea, marisawa yakavuja, wasimcheke mzee wa watu. Mzee!

Jumatatu, 10 Juni.
Loibl kaja na soseji nyeupe, kofia mkononi, ananisihi niende naye Vienna nikamwongoze. Nimekubali kwa upole. Mnyanyuaji wa kwetu, lazima nieleze, hukiegemeza chuma kwanza tumboni, juu ya mkanda mpana wa ngozi, ndipo akipandishe. Mkanda ukikatika, suruali nayo hushuka. Nimejitolea kumbebea mkanda.

Kosa langu nimeshalijua: nilihangaika na chuma changu, badala ya kushughulikia vifaa vya mwenzangu. Wembe ninao.