Mteremko wa Lubaga na Treni ya Mzee Shabani

Jamani mlioko Jinja, nawaandikia kabla habari hazijawafikia kwa midomo ya watu. Leo nimeadhirika. Tena si kidogo!

Mnamkumbuka Mzee Shabani, babake Zubeda? Ni gadi wa treni ya wafanyakazi, ile iliyorefushwa majuzi mpaka Kyengera anakokaa. Nilipopeleka posa, mazungumzo yakahamia kwenye reli. Mzee akasema sasa watu wataacha magari. Mdomo ukaniwasha. "Mzee wangu, hata wakiirefusha mpaka Kasese, mwenye gari hapandi treni." (Naomba binti wa mtu, papo hapo naikashifu kazi yake. Akili ninazo kweli?)

Mzee akatabasamu tu. "Basi njoo Jumamosi na hilo gari, upokee jibu. Mimi nitatoka mjini na treni ya mchana. Tuone nani atamfungulia mwenzake mlango."

Jumamosi ndiyo leo. Nikavaa kanzu, nikampakia Shangazi Mwajuma kiti cha nyuma na sinia la halua mapajani. Mtu haendi kupokea jibu la posa mikono mitupu, wala hachelewi.

Petroli mnajua ilivyo siku hizi. Kwa hiyo sisi wenye magari tuna ujanja wetu: ukifika mteremkoni unazima injini, gari linajiendea. Kampala ni vilima vitupu, nusu ya safari ni bure! Stata yangu nayo ilikufa zamani (fundi mzima wa Katwe, gari lake bovu), na mteremko huo huo ndio unaoniwashia. Nikikaribia chini naingiza gia, linakohoa, linawaka.

Nikazima pale juu Lubaga. Tukashuka kimya, raha tupu.

"Baba, washa," akasema Shangazi.

"Bado, Shangazi. Mteremko upo."

"Washa!"

"Shangazi, dereva ni mimi!"

Hapo akakatiza mtu na baiskeli iliyosheheni matoke. Nikakanyaga breki. Matoke yakapita salama. Gari likajikokota, likajikokota, likasimama. Juu ya reli!

Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikalibembeleza. Kimya. Kisha tukasikia honi, na haikuwa ya gari.

Sijapata kumwona mwanamke wa umri ule akitoka mlangoni kwa kasi ile. Halua mkono mmoja, kanga mkono wa pili, anapunga! Mimi nasukuma peke yangu, kanzu inanitega miguu. Bahati nzuri treni ilikuwa imepunguza mwendo. Ikasimama, ikaningurumia usoni. Kila dirisha likatoa kichwa, na kimoja kilikuwa cha Zubeda, anatoka kazini.

Akaruka mwanajeshi kutoka behewa la mbele. Hapo nikainua mikono juu, maana siku hizi mtu huchukuliwa kwa kosa dogo kuliko hili.

"Wewe! Nafunga leli ya selikali? Nani natuma wewe?"

"Hakuna, Afande. Ni mteremko tu."

"Mtelemko ni nani? Iko wapi?"

Mzee Shabani akafika kutoka behewa la nyuma, bendera mkononi. Akanitazama mimi, akatazama gari, akamtazama Shangazi na halua yake. "Afande, huyu namjua. Ni mkwe wangu."

"Hii?"

"Hiyo hiyo."

Mwanajeshi akanipima kuanzia kofia mpaka viatu, akamgeukia Mzee. "Pole sana, mzee."

Abiria wakashuka, wakasukuma gari mpaka majanini, mahali tambarare kabisa. Likagoma kuwaka. "Pandeni," akasema Mzee. "Mmenichelewesha."

Nikapanda, behewa zima linanicheka. Tukaipita foleni ya petroli, madereva wamelala juu ya usukani, na sisi tunakwenda vizuri tu. Hilo ndilo liliniuma zaidi! Shangazi kapewa kiti, anawagawia abiria halua kuwaomba radhi. Halua yangu ya posa!

Kyengera, Mzee akashuka kwanza (ndiyo kazi ya gadi), akatangulia nyumbani, akanifungulia mlango. Shangazi akamwekea mbele sinia tupu.

Nikauliza, "Mzee, kule relini ulisema mkwe. Ulikuwa unaniokoa tu, au...?"

"Nimeshasema mbele ya treni nzima. Neno nitalirudisha vipi?"

Nilitaka kuruka! Mzee akaninyooshea kidole. "Lakini nimesema mkwe. Sikusema dereva. Binti yangu atapanda treni."

"Naam, Mzee."

"Na lile neno lako la gari na treni, nakupa haki yako. Kuishinda haliwezi, ila kuisimamisha linaweza."

Nyuma ya pazia Zubeda alicheka mpaka akapaliwa. Nami nina furaha, jamani, furaha na aibu pamoja.

Basi mje harusini. Mkifika Kampala, unganisheni na treni ya Kyengera. Chini ya Lubaga mtaliona gari langu majanini, bado linasubiri mteremko. Tafadhali, geuzeni nyuso dirisha la upande wa pili.