Mbio za Mashine za Nyasi Uwanja wa Ngumbo

Jumatatu, 14 Julai
Nimepata wazo! Kubwa kuliko yote, hata lile la bata wa Krismasi. Nimeona kwenye simu: Wazungu, watu wazima, wanashindana kwa mashine za kukatia nyasi. Zile za kukalia. Wanatoa visu, wanawasha, wanakimbizana uwanjani, watu wanashangilia. Hakuna gari la mamilioni. Injini, kiti, usukani, basi! Na nani hapa Mbinga hukalia mashine ya nyasi? Mimi, mtunza bustani wa parokia. Kiangazi hiki nyasi zimekauka, mashine imelala bure chini ya turubai.

Nimempigia shemeji Hamphrey, kaka yake Kunigunda mke wangu. Anatunza bustani ya nyumba ya wageni kule Ngumbo, ziwani. Ana mashine nyekundu, na kila sherehe ya ukoo anaisifia kana kwamba ameizaa. Amecheka mpaka akakohoa. Kisha amesema: Jumamosi, uwanja wa mpira wa Ngumbo. Atakayeshindwa atamwita mwenzake "Bwana Dereva" mbele ya ukoo mzima, mpaka kufa. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumatano, 16 Julai
Mashine ya parokia haikimbii. Hata kutembea haitembei. Leo nimeijaribu barabarani, bibi mwenye debe la mahindi kichwani akanikuta. Nimempa shikamoo. Ameitikia akiwa ameshanipita!

Nimekwenda kwa Tarsisi, fundi pikipiki wa pale stendi. Anasema dawa ni kubadilisha puli, kile kigurudumu cha mkanda wa injini, na anayo moja iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. Itakimbia, amesema, ila breki zitabaki zilezile za mwendo wa kobe. Nimemwambia naenda kushinda, siendi kusimama.

Ijumaa, 18 Julai
Baba Paroko ameuliza mbona turubai limelala chini. Nimesema mashine imekwenda sevisi. Si uongo, Tarsisi ameigusa. Akaniambia, "Mansuetus, unaijali mali ya Kanisa." Nimeona aibu kidogo, hasa wakati napandisha mali hiyo kwenye pikapu ya wachuuzi wa samaki.

Kunigunda anajua kila kitu. Anasema mimi na kaka yake tukichanganywa hatutoi mtu mzima mmoja.

Kumbe Sista Benadetha wa zahanati ya Ngumbo naye atashindana, na mashine ya zahanati. Amepita miaka sitini! Nimemhurumia sana.

Jumamosi, 19 Julai
Naandika nikiwa nimejifunga blanketi.

Watu walijaa. Tulitakiwa kuanzia goli la juu, kwenda goli la upande wa ziwa, kulizunguka, kurudi. Sista mwenyewe alikagua kama visu vimetolewa. Mwalimu Elias akapuliza filimbi. Nikachomoka kama mshale! Hamphrey nyuma! Kofia ikapeperuka. Watu wakapiga kelele, nikawapungia mkono. Kumbe walikuwa wanasema kata kona.

Nilikata. Mashine haikukata. Nilikanyaga breki mpaka kiatu kikanitoka. Nikapita katikati ya milingoti, watoto wakapaza sauti, "Goooli!" Nikavivunja vichanja vya mama Domitila vya kuanikia usipa, vidagaa vikanijaa mdomoni, kisha maji.

Sijui kuogelea. Niliogopa, siandiki kwa mzaha. Nikamwita Kunigunda, aliye Mbinga. Nikanywa ziwa. Halafu mkono ukanikamata kola. Hamphrey! Aliacha mashine yake inanguruma uwanjani, akajitosa na viatu vyake vya kanisani. Akaniburuta mpaka mchangani, ananipiga mgongoni huku analia. "Shemeji! Shemeji, uko hai? Nitamwambia nini dada yangu?"

Nyuma yetu Sista Benadetha akalizunguka goli, taratibu, akarudi alikotoka. Mshindi.

Jumapili, 20 Julai
Nimelala kwa Hamphrey, kwenye kitanda chake. Yeye alilala mkekani. Baada ya misa wavuvi wameivuta mashine kwa kamba. Ilitapika maji na usipa. Mchana kutwa nimejenga vichanja upya, mama Domitila amesimama nyuma yangu kama mnyapara.

Nikiwa nafunga kamba nimefikiri sana juu ya Hamphrey. Alikuwa nyuma yangu. Alijua anashindwa. Mtu wa namna hiyo atatafuta njia yoyote ya kuzivunja mbio, hata kumwokoa mtu! Ujanja gani huo! Karibu nimshukuru.

Jumanne, 22 Julai
Baba Paroko anajua yote. Sista alimpigia kumsimulia ushindi wake, kwa furaha. Nikapiga magoti ofisini. Akageukia dirisha, mabega yakamtetemeka. Nikadhani analia kwa ajili ya mashine. Hapana. Alikuwa anacheka.

Hukumu: mpaka mvua zianze nitamwagilia bustani kwa ndoo, na Tarsisi atarudisha puli ya zamani. Nikasema amina. Nimetubu kabisa. Mimi ni mtu mpya.

Kisha akanionyesha pawatila ya shamba la parokia, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, imefika jana, ingali na vumbi la safari. Akasema mtu aliyetubu kweli ndiye wa kuaminiwa. Akanipa ufunguo. Nikamuuliza tu, kwa unyenyekevu, kama inaweza kuvuta tela lenye mtu. Akasema hata watu wanne.

Nimempigia Hamphrey. Nimemwambia alete chochote chenye magurudumu.