Mkutano wa Elektroni Usio na Kibali

Kwa mamlaka aliyokabidhiwa, Bwana Abdihafid, Mwenyekiti wa Kamati ya Mikusanyiko mjini Garissa, aliutangazia umma kwamba elektroni zilikuwa zimekutana bila kibali.

Habari hizo alizipata katika ripoti ya Daktari Fosia, mtafiti wa fizikia. Ndani ya metali ya kagome yenye usumaku, ambayo atomi zake zimepangana kama msuko wa kikapu, elektroni hujikusanya safu kwa safu baridi inapozidi. Jambo hilo wataalamu huliita wimbi la msongamano wa chaji. Mwenyekiti aliliita mkutano wa hadhara.

Akafika maabara na waraka wake.

"Abaayo, dada yangu, kiongozi wao ni nani?"

"Hazina kiongozi, adeer," Fosia alijibu, kwa heshima apewayo ami.

"Hapo ndipo penye hatari. Vitambulisho je?"

"Elektroni zote zinafanana. Hata mimi siwezi kuzitofautisha."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni. Ndivyo wanavyojitetea siku zote watu wa aina hiyo.

Waraka uliagiza metali itwaliwe, na kila aliyehudhuria mkutano huo afike mbele ya wazee wa ukaguzi wa uraia aeleze asili na ukoo wake. Fosia alibadilika uso. Kipande kile, kidogo kuliko punje ya mchele, alikihangaikia miaka mitatu, wala hakuwa na kingine.

"Basi ushuhudie kwanza, adeer. Utashtaki vipi usichokiona?"

Hoja ilikuwa ya kisheria, naye alikuwa mtu wa sheria. Fosia akaipoza metali, kisha akaimulika kwa leza. Mwanga uliorudi ukachora kwenye skrini mstari wenye bonde.

"Bonde hilo ndilo dalili kwamba zimejipanga."

Mwenyekiti akaandika: *Nilihudhuria mkutano tangu mwanzo hadi mwisho.* Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaupeleka waraka kwa wazee yeye mwenyewe.

Mzee Kulow, mkuu wa wazee hao, aliusoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Elektroni si watu, haziwezi kuapa. Metali ibaki kwa mwenyewe. Lakini yupo mtu mmoja aliyehudhuria, na muhuri ameugonga."

"Mzee, waraka huu nimeuandika mimi!"

"Wallahi, hakuna anayekukatalia. Babu wa babu yako alinywesha ngamia wake kisima gani?"

Mwenyekiti aliuchukua waraka, akatafuta jibu nyuma yake.

"Si kitu," Mzee Kulow alisema kwa upole. "Jumatatu utuletee mashahidi wawili waliomwona akinywesha. Wawe hai."