Ukurasa wa Kwanza Uliouzwa Mara Thelathini na Tisa

Tangazo lilikuwa karatasi mbili, zimebandikwa ukutani kwenye ofisi ya komini ya Manika, mjini Kolwezi, na Barnabé alizisoma zote mbili. Tuanze hapo, maana katika habari hii yote ni watu wawili tu waliosoma hadi mwisho, na huyu ndiye mbaya wao.

Karatasi ya kwanza ilisema kwamba shimo la madini la kampuni linapanuliwa, kwamba mtaa wa Salongo utabomolewa kabla ya mvua, na kwamba kila familia itapata nyumba katika mtaa mpya, njia ya kwenda Fungurume. Mtaa ulete faili moja, si la karatasi bali la mashine, yaani kompyuta, kila familia na ukurasa wake, kurasa zikifuatana kwa namba tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na kila ukurasa uwe na sahihi ya aliyeandaa. Faili lisilo na namba halitapokelewa. Karatasi ya pili ilisema kwamba viwanja vitagawanywa kwa kura, na kwamba kampuni inajenga kuta tu. Mabati, kila mtu na yake, na kuyasafirisha ni juu yake.

Sasa, ofisi hiyo iliyodai namba kwenye kila ukurasa wa wenzake haikuweka namba hata moja kwenye tangazo lake. Barnabé akatazama kushoto, akatazama kulia, akabandua karatasi ya pili, akaikunja na kuitia mfukoni. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimepungua.

Huyu Barnabé alikuwa na meza chini ya mwavuli, ng'ambo ya barabara, na mashine yenye kioo kilichopasuka pembeni. Aliandika barua za kuomba kazi kwa watu ambao hawakupata kazi. Alijiita Maître, kama mawakili wanavyoitwa, ingawa sheria yote aliyokuwa nayo ilikuwa kwenye tai yake. Lakini ulimi wake, jamani, ulikuwa umesoma kuliko yeye.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Tata Louis, yaani Baba Louis, mwenye baa ya Salongo. Choo chake kilikuwa kimezama mwezi wa tano, siku kampuni ilipolipua baruti, na tangu hapo alikuwa akitafuta mtu wa kumwonea huruma. Barnabé alimwonea. Akamweleza kwamba faili husomwa kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa hiyo mwenye ukurasa wa kwanza ndiye anayepewa kiwanja cha kwanza, kile cha pembeni, barabarani, malori yanaposimama. Tata Louis akawaona madereva wa malori wote wa Lualaba wamekaa kwake wakidai bia. Akauliza ukurasa huo unauzwaje.

"Mi siuzishake paji, tata," Barnabé alimwambia, akishusha sauti. "Paji ni ya Leta. Mi nauzisha kichwa yangu yenye inajua kupanga namba."

Ukurasa wa Leta, yaani wa serikali, hauna bei, lakini kichwa hicho kilikuwa nayo, mabati manane. Kwa nini mabati? Kwa sababu, Barnabé alisema, kampuni itawapa mapya, ya rangi, na haya ya zamani yatapondwa na tingatinga pamoja na kuta. Tata Louis akaona kwamba anapewa kitu kwa takataka. Mtu akishaona hivyo, usimzuie, utaumia bure.

Kuweka namba kwenye faili la mashine ni kubonyeza kitufe kimoja. Mashine inamaliza kabla hujapiga chafya. Barnabé alisema ni kazi ya siku tatu, yenye hesabu kali, na siku zote tatu alikunja uso mbele ya kioo akicheza karata. Kisha akamtumia Tata Louis nakala kwenye simu. Ukurasa wa kwanza: Louis. Akamwonya asimwonyeshe mtu, wivu wa majirani unaua.

Baada ya hapo akahamisha ukurasa mmoja, akabonyeza kitufe tena, na Mama Mianda, shemasi wa kanisa, akapata nakala yake. Ukurasa wa kwanza: Mianda. Mama huyu hakutaka kugusa paa lake, kwa hiyo alitoa mabati ya jiko la kanisa, akamwomba Mungu msamaha mapema ili asichelewe. Kesho yake akaja mwalimu. Keshokutwa wakaja ndugu wawili waliogombana, kila mmoja kwa mlango wake. Kwa majuma matatu Barnabé aliuza ukurasa wa kwanza kwa familia thelathini na tisa.

Utasema hawakuona? Waliona. Salongo nzima ilibaki na nusu paa. Huyu alisema ni upepo, yule alisema ni mchwa, na mchwa wa kula bati hawajazaliwa. Kila mmoja alijua kwamba jirani anadanganya, na kila mmoja alifurahi kwamba yeye mwenyewe anadanganya vizuri zaidi. Mabati yakarundikana kwenye kiwanja cha Barnabé pale Manika, na mfanyabiashara wa Fungurume akaahidi kuyanunua yote.

Mtu wa pili aliyesoma hadi mwisho alikuwa Mama Ndaya, mjane, wa asili ya Kasai. Alikuwa amefanya kazi miaka kwenye hifadhi ya nyaraka za kampuni ya zamani, akipiga namba kurasa kwa muhuri wa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikaota sugu. Mwaka wa tisini na tatu, watu wa Kasai walipofukuzwa Kolwezi, alipandishwa kwenye behewa pale gare, kituo cha treni, na watoto wawili na sufuria, paa lake akaliacha nyuma na wengine wakaligawana. Alirudi baada ya miaka, kwa sababu Kolwezi ndiko alikozaliwa. Alirudi na kiapo kimoja, kwamba paa la pili haliachi.

Aliposimama mbele ya tangazo aliona kwamba mstari wa chini umekatika katikati ya maneno, na hakuna sahihi wala muhuri. Kwake hilo lilikuwa kama kumwona mtu anatembea bila kichwa. Akaingia ofisini, akaomba karatasi ya pili. Wakampa nakala, wakishangaa, maana hakuna aliyewahi kuomba.

Akazunguka mtaani kuwaonyesha. Wapi. Tata Louis alimwambia kwamba umaskini umemharibia moyo. Mama Mianda aliahidi kumwombea. Basi Mama Ndaya akarudi nyumbani, akawaza kutwa nzima. Yake mwenyewe alikuwa nayo, mabati ishirini, lakini gari la kuyapeleka huko mbali hakuwa nalo. Na hao wajinga, pamoja na matusi yao, walikuwa na watoto, na mvua haichagui. Akavaa libaya, blauzi yake ya Jumapili, akaenda kwenye mwavuli.

Barnabé alimpima kwa macho, akaona hakuna cha kuchukua. Akamwambia kwamba bila bati hana namba ya mbele.

"Mi sitake ya mbele, tata. Uniweke ku mwisho."

Barnabé alicheka mpaka tai ikazunguka begani. "Ku mwisho ni bule, mama."

Mama Ndaya akatoa ukurasa wake, tayari umepigwa chapa, ndani ya flashi iliyofungwa kwenye ncha ya kitenge. Barnabé akaufungua. Juu aliona jina, mjane, vyumba viwili. Hakushuka chini. Ushuke kwa bibi kizee wa bure, utafute nini?

"Sahihi yako itakuwa ku paji yote?" Mama Ndaya akauliza.

"Yote. Mashine inatia yenyewe."

"Na yote umeisoma?"

"Mi nikiangalia tu, nimemaliza."

"Aksanti, tata," akasema Mama Ndaya, na akaenda zake polepole.

Akawa ukurasa wa arobaini. Siku ile ile Barnabé akawatumia wote nakala za mwisho, kila mmoja na yake ambamo yeye ndiye wa kwanza, zenye sahihi yake chini ya kila ukurasa. Kwa fahari akaweka na jalada, lenye kiapo kwa herufi nene: yeye, Maître Barnabé, amesoma kila ukurasa tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na kila neno lililomo ni neno lake. Hakuna aliyemwomba kiapo. Lakini mwongo akishiba huanza kuapa.

Ijumaa kamati ya komini iliyosimamia kuhama ikaita mkutano kwenye ukumbi wa parokia. Lori la kupeleka mabati Fungurume, Barnabé alikuwa amelikodi kwa Jumamosi, amelilipia lote. Angeweza kujificha siku moja, ila aliona kwamba anayekosekana ndiye anayetafutwa. Tena alitaka kusikia anaitwa Maître mbele ya watu. Akaketi mstari wa mbele, miguu ameikunja.

Katibu wa kamati alikuwa Madame Agnès, mama wa miwani na maneno machache. Akauliza kama mtaa umejipanga. Akasema mwenye ukurasa wa kwanza asimame athibitishe jina lake.

Wakasimama watu thelathini na tisa.

Ukumbi mzima ulikuwa wima isipokuwa Mama Ndaya, aliyekaa na kufuta jasho, na Barnabé, aliyekuwa anatazama mlango. Simu zikainuliwa. Madame Agnès akapita mstari kwa mstari, akisoma vioo, na kadiri alivyopita ndivyo watu walivyozidi kuchungulia simu za jirani zao. Tata Louis akaiona ya Mama Mianda. Akaenda kusimama mlangoni, na alikuwa mtu mpana.

Ndipo Mama Ndaya akampa Madame Agnès karatasi ya pili, naye akaisoma kwa sauti. Viwanja kwa kura. Kuta tu. Mabati kila mtu na yake. Watu wote wale waliona akilini nusu paa na wingu la mwezi wa tisa.

Madame Agnès akasema kwamba katika nakala zote thelathini na tisa ni ukurasa mmoja tu wenye namba ile ile kila mahali, wa arobaini. Akausoma kuanzia pale Barnabé alipoishia. Mabati yote yaliyotolewa na familia za Salongo, ulisema ukurasa, yako kwenye kiwanja cha Maître Barnabé, Manika, ambaye amewatunzia. Kabla ya nyumba kubomolewa, kwa gari atakalolikodi na kulilipia mwenyewe, atayapeleka mtaa mpya pamoja na mabati ya mjane Ndaya, na atamrudishia kila mmoja yake.

"Hii sahihi ni yako?" akauliza.

Barnabé akapiga hesabu, kwa mara ya kwanza ya kweli. Akisema si yake, basi ameapa uongo mbele ya Leta na gereza linamngoja, kama Tata Louis atambakiza. Akisema ni yake, mabati yamekwenda. Alimtazama Mama Ndaya. Mama Ndaya alikuwa anapanga kitenge chake.

"Ni yangu," Barnabé akasema. "Njo vile nilipanga tangu mwanzo."

Na watu wakampigia makofi! Mama Mianda akapiga na vigelegele. Kupiga makofi kulikuwa rahisi kuliko kukiri, na Salongo haijawahi kukosa njia rahisi.

Jumamosi lori likaja, lile lile. Barnabé alipakia mabati kwa mikono yake, shati limeloa, na vidole vimechanika mahali saba. Kituo cha mwisho kilikuwa nyumba ya Mama Ndaya. Mabati yake ishirini yakawekwa juu ya mzigo, na mwenyewe akapanda mbele, karibu na dereva.

Mtaa mpya ulikuwa kuta na upepo. Hao thelathini na tisa walikuwa wamekwisha fika, kura ya viwanja imekwisha pigwa, na wakaanza upya kugombana nani ashushiwe wa kwanza. Tata Louis alitoa simu kuonyesha ukurasa wake. Hebu fikiria. Barnabé, hoi, akamgeukia Mama Ndaya amwambie aanzie wapi.

Mama Ndaya alishuka, akakung'uta libaya.

"Mu tisini na tatu, ku gare, balituandika namba na chaki ku mabehewa," akasema. "Hakuna hata mutu moja alitia sahihi." Akanyoosha kidole juu ya mzigo. "Anzia ku mwisho, tata."

Na hapakuwa na njia nyingine, kwa kuwa mabati yake ndiyo yaliyokuwa juu. Barnabé akapanda kwenye lori, akaanza kushusha. Jioni, mvua ya kwanza ilipoanguka, Mama Ndaya alikuwa ndani, chini ya paa lake, anachemsha maji. Wale wa ukurasa wa kwanza walikuwa bado kwenye foleni.