Tumbo la Jasiri

Jumatatu, 10 Juni
Bosi wangu, Bi. Nkirote, ameenda likizo Meru. Mbwa wake mchanga, Jasiri, ameniachia mimi, si Kinoti wa stoo. Mwaka jana Kinoti alimtunza paka wa bosi, paka akanona, Kinoti akapandishwa cheo. Jasiri lazima anone zaidi. Biskuti alizoachiwa ni kavu mno. Nimemnunulia maziwa ya ngamia hapa Dadaab sokoni. Amemaliza bakuli zima. Nimemficha bafuni. Kwa dini ya mama mwenye nyumba, Mama Istahil, mate ya mbwa ni najisi. Akimwona ndani, natoka mimi na godoro.

Jumanne, 11 Juni
Jasiri anaharisha. Sakafu, ndoo, sandali zangu. Maji matupu, na hataki kuinuka. Akifa nimekwisha, bosi atanihamishia Hadado, jangwani kabisa. Mama Istahil amesikia nikimwaga maji tangu alfajiri, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni tumbo langu. Nimejiokoa kwa akili sana.

Jumatano, 12 Juni
Akili gani! Mama Istahil amedhani ni kipindupindu. Ameita mhudumu wa afya, Ifrah, aliyefika na buti na dawa ya klorini. Akanikalisha mlangoni, akanichanganyia maji ya chumvi na sukari, akataka ninywe mbele yake. Nikanywa. Jasiri akaanza kulialia bafuni, nikakohoa ili kuifunika sauti yake. Ifrah akaandika kikohozi pia. Nisipopata nafuu kesho, napelekwa kutengwa kambi ya Dagahaley. Nimeogopa mpaka nikaomba kikombe cha pili.

Alhamisi, 13 Juni
Asubuhi nimemwambia Ifrah nimepona, akaniachia. Nimembeba Jasiri kwenye begi la kompyuta hadi kwa Keynan, daktari wa mifugo. Aliuliza mbwa amekula nini. Niliposema maziwa ya ngamia, akacheka mpaka akashika meza. Hata watu wa bara wakiyanywa mara ya kwanza hawatoki chooni, akasema, sembuse huyu. Kisha akaivuta ngozi ya shingo, ikakawia kurudi. Akaacha kucheka. Maji yamemwisha mwilini, na watoto wa mbwa hufa upesi. Damu hakuna, hiyo ni bahati. Akamtundikia dripu. Nyumbani nimpe maji kidogo kidogo, halafu wali laini na kuku wa kuchemsha. Maziwa marufuku. Nimemwahidi Mungu mambo mengi.

Ijumaa, 14 Juni
Jasiri amesimama! Nimelia kabisa. Kisha akabweka, na Mama Istahil akatokea mlangoni. Sijawahi kumwogopa mtu namna ile. Akauliza nani hasa alikuwa anaharisha. Nikaonyesha kwa kidole. “Warya, wewe kijana, mimi naombea wewe dua usiku yote, kumbe mgonjwa ni hii?” Hakunifukuza. Ameniamuru nioshe kila alipolamba mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa alale nje kando ya tangi. Jioni nimemwona akimtundikia gunia apate kivuli.

Jumapili, 16 Juni
Bosi anafika kesho. Jasiri ni mzima lakini mbavu zote zinaonekana. Kinoti amepita, akauliza kama nafuga mbwa au mwavuli. Nimefikiri sana. Keynan alikataza maziwa tu. Nundu ya ngamia hakuitaja. Nimenunua kipande kikubwa, mafuta matupu. Jasiri amekula chote, amelamba hata karatasi. Sasa amelala, na tumbo linanguruma kwa nguvu. Bila shaka ndivyo mbwa wanavyonenepa.