Mimi Ndiye Shina

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Jana tulipeleka posa, mimi na kaka yangu. Nilipendeza! Suruali ilipigwa pasi ikawa na makali ya kukatia mkate.

Mama wa mchumba wangu ni muuguzi mstaafu, mwenye macho yasiyopepesa. Alisema mwanawe wa kwanza kaoa mbali, na wajukuu hawajui lugha nyingine ila Kiarabu. Wakipiga simu, bibi na wajukuu wanabaki kuchekeana tu. Hapo kaka akanikanyaga mguu, maana ananifahamu. Alichelewa. Nilishasema Kiarabu nakizungumza kama maji. Mama akafurahi! Akasema watapiga simu Jumamosi ya wiki ijayo, niwe mkalimani, na jibu la posa nitalipata baada ya hapo.

Siogopi. Nusu ya Kiarabu ninayo tangu utotoni: kitabu, safari, sahani, habari. Nusu iliyobaki si kitu. Nimejiandikisha kwa siri katika darasa la jioni, la wanaoanza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Balaa! Nafungua mlango wa darasa, na mstari wa mbele, miwani puani, kalamu mkononi: mama mkwe. (Namwita mkwe. Jibu litafuata.)

Nilitaka kurudi kinyumenyume, kaniona. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba nimekuja kumkagua mwalimu, kwa kuwa siku hizi wababaishaji ni wengi. Akaitikia marahaba, akasema vizuri sana mwanangu, nikae karibu naye, akikwama nimwelekeze.

Mwalimu ni kijana ambaye hata ndevu hazijatimia. Kaanza na vitenzi vya wakati uliopo. Akasema tusitishike, ni kama kwetu: ninaandika, unaandika, anaandika, mwanzo unabadilika na shina linabaki. Basi aktubu ni ninaandika, taktubu unaandika, yaktubu anaandika, naktubu tunaandika. Mkwe akaninong'oneza, mbona hiyo taktubu ni unaandika, na tena ni anaandika akiwa mwanamke? Nikamjibu kwamba swali zuri halijibiwi siku hiyohiyo. Akaliandika hilo pia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bahati imeniangukia. Mwalimu ana mtindo wake wa kufundisha. Mtu mmoja anavaa shingoni kibao chenye shina, anasimama katikati. Wengine wanashika vibao vya a, ta, ya na na. Wanakuja mmoja mmoja kusimama kulia kwake kwa anayetazama, maana Kiarabu huanzia kulia, wanatamka neno zima, wanatunga sentensi, wanapisha. Shina halisemi kitu!

Niliruka kama niliyeumwa na siafu. Fundi simu, mtu wa kujitia kimbelembele darasa zima, naye alikitaka kibao. Tukavutana. Kamba ikakatika, lakini kibao kikabaki kwangu. Nikakishika kifuani kwa mikono miwili, nikasimama wima mpaka kipindi kikaisha. Mkwe alinijia akiwa a, akanijia akiwa ta, akanijia akiwa na. Kila mara nilimtikisia kichwa, kikaguzi.

Mwalimu mwenyewe alisema maana yote imo kwenye shina. Sikumwomba aseme.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Kazini nauza mapazia. Kulikuwa na kipande cha mwisho wa jora, kijani, maua makubwa. Nikampelekea mwalimu kwa ajili ya dirisha la darasa, nikamdokeza kwamba mgongo wangu umeumbwa kwa kusimama. Akashukuru. Nikapata shina tena! Leo nilikuwa drusu, yaani kusoma.

Pazia limeishia nusu ya dirisha, na jua la jioni linampiga fundi simu machoni. Sikukusudia, ila siwezi kusema nimehuzunika. Akanung'unika kwamba mtu mmoja hawezi kuwa shina milele, na wengine wanataka kujua kama anajua lolote. Wivu mtupu. Kwa bahati mbaya mwalimu kamsikiliza. Alhamisi kila mtu atapita mbele peke yake, na vitenzi vyake, bila vibao.

Mkwe sasa anatamka mpaka darasa linampigia makofi. Najivunia. Mwanafunzi mzuri huonyesha ubora wa anayemsimamia.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nilikwenda na skafu shingoni. Nikaonyesha kwa ishara kwamba sauti imekauka kabisa. Mwalimu akanionea huruma, fundi simu akaguna, mambo yakawa yamekwisha.

Nilisahau kwamba muuguzi hastaafu. Mkwe akanishika kidevu, akaomba kijiko, akaniamuru nifungue mdomo mbele ya watu wote. Fundi simu akajitolea kummulikia, kwa furaha isiyo na adabu. Mkwe akachungulia kwa muda mrefu. Akasema koo hili ni safi kama la mtoto mchanga. Halafu akawa ananitazama tu.

Nadhani amefurahia afya yangu. Mama yeyote angependa mkwe mzima.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Simu ililia tukiwa sebuleni. Mkwe akanikabidhi. Msichana mdogo akatokea kwenye kioo, akamwaga maneno bila kupumua. Nikatafsiri: anakusalimu, yuko salama. Akaendelea, akamwinua paka. Nikatafsiri: anasema ana paka. Hiyo niliitoa bila kusita hata kidogo.

Mkwe akaichukua simu mkononi mwangu, taratibu. Akauliza, tadrusina? Yaani, unasoma? Mtoto macho yakamtoka. Kisha akapiga kelele, adrusu! adrusu! Akaita wenzake. Bibi akawauliza kama wanakula, kama wanacheza, kama wanaandika. Walimcheka alipokosea, naye akacheka nao, machozi yanamtiririka. Mchumba wangu akalia. Hata mimi koo lilinikaba, safari hii kweli.

Baadaye akaniita jikoni. Akasema alijua tangu siku ya kwanza darasani, ila alitaka kuona nitafika wapi. Akasema kutojua si aibu, hata yeye hakuwa anajua. Lakini mficha uchi hazai, na hawezi kumpa binti yake mtu asiyeweza kusema kweli hata akichunguzwa kwa kijiko. Kesho ndugu zao wanakuja. Nisimame mbele yao niseme maneno mawili tu, sijui Kiarabu, na binti ni wangu.

Maneno mawili! Tena ya lugha yangu mwenyewe! Hakuna mwanamume aliyewahi kupewa mke kwa wepesi huu. Najipongeza.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nilifanya mazoezi njia nzima. Sijui Kiarabu. Sijui Kiarabu. Kaka akasema nimeiva.

Shangazi, wajomba, baba mdogo na fimbo yake, wote wamekaa. Mchumba wangu kasimama mlangoni na sinia la chai, midomo inamcheza, ananiombea. Nikainuka. Nikasema, si... Hapo baba mdogo akadakia kwamba sifa zangu zimemfikia. Akasema ukoo wao haujapata kuwa na mkwe msomi, na leo anamwona kwa macho yake. Wote wakanigeukia. Shangazi akaacha kutafuna. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku niliyouza mapazia ya ukumbi mzima.

Nikasema si Kiarabu peke yake. Kiarabu nilishakimaliza, sasa niko kwenye Kiajemi.

Mchumba wangu akabwaga sinia mezani, chai ikamwagika, akaingia ndani. Nilisikia akilia. Mkwe akafumba macho. Alipoyafumbua akatangaza kwamba jibu la posa litasubiri miezi sita, na katika miezi hiyo nisitie mguu pale bila kuitwa. Kaka alinitangulia njia nzima, na tulipofika nyumbani akaenda kulala.

Iliniuma kidogo. Kisha nikatafakari. Anayekukataa hakupi miezi sita! Mama yule ana busara, ameona Kiajemi kinataka muda. Kesho asubuhi naenda kuulizia darasa. La wanaoanza silitaki, nitaingia moja kwa moja la juu.